Chini ya Maji Hakuna "Ila"

Kijana mmoja wa Kidoti ndiye aliyenifanya niifikirie upya kazi yangu ya kufundisha uzamiaji. Ilikuwa siku yake ya pili ya kozi, tuko mita sita chini, mchanga mweupe, maji yametulia. Nikakutanisha kidole gumba na cha shahada, nikamwonyesha duara: uko sawa? Naye akaninyanyulia dole, limenyooka kama lile analompa kondakta wa daladala asubuhi. Nikamshika jaketi lake, nikampandisha taratibu hadi juu. Akatoa regyuleta, kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi, mdomoni, ananishangaa. "Maalim, mbona tumepanda? Si nimekwambia poa?"

Kwa wazamiaji, dole ni "tupande juu", na akitaka kupanda mmoja wanapanda wote, bila mjadala. Nilikuwa nimemweleza hivyo ufukweni asubuhi ile ile, akaitikia kila neno. Lakini mkono una mazoea yake. Tukarudia ishara, tukateremka tena, na kozi akaimaliza vizuri. Dole halinitishi. Mwenye kulionyesha kwa kukosea anapoteza dakika tano tu. Anayenitisha ni yule anayeonyesha duara la "sawa" huku macho yamemtoka nyuma ya kioo cha miwani.

Sisi tumelelewa kusema sawa. Ukikutana na jirani unamuuliza habari za nyumbani, anajibu nzuri. Watoto? Hawajambo. Kazi? Tunashukuru Mungu. Baada ya hapo ndipo linapokuja lile neno: "Ila huyu mdogo tangu juzi ana homa, tumemlaza." Aliposema nzuri hakukudanganya. Ile ilikuwa adabu, na habari yenyewe hufuata baada ya "ila". Nchi kavu tuna nafasi ya kuisubiri. Chini ya maji mdomo umebeba regyuleta, mikono ina ishara chache tu, na mtu akishaonyesha sawa, mazungumzo yameishia hapo. Nimefundisha uzamiaji Nungwi miaka kumi na minne. Mara nyingi hatari niliyoiona ilianzia kwenye sawa ya namna hiyo, mara chache sana kwenye kifaa kibovu.

Nimezaliwa Wesha, Pemba. Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa akizamia kwa mtungi kutafuta majongoo bahari. Kwetu hayaliwi. Huchemshwa, hukaushwa, huuzwa kwa wanunuzi wanaoyapeleka Hong Kong na Uchina bara. Mtungi, kompresa na mashua vilikuwa vya tajiri. Mafunzo aliyopewa ami yalikuwa ya maneno machache: vuta hewa, teremka, jaza mfuko, panda. Majongoo yalipoadimika kwenye maji machache, wakayafuata kwenye kina, na kila wiki kina kilizidi. Siku moja alipanda mara ya nne au ya tano, akakaa kwenye ubao wa mashua, akasema miguu ina ganzi. Wenzake wakamuuliza, uko sawa? Akasema sawa, uchovu tu huu. Usiku akashindwa kukojoa. Alfajiri miguu haikunyanyuka kabisa.

Wako waliosema amepigwa na pepo wa bahari, wako waliosema ni kiharusi. Alifukizwa ubani, akachuliwa mafuta, akasomewa. Siku ya tatu akapelekwa hospitali. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu, kazi yangu kumshikia kopo la maji anywe. Ami yu hai hadi leo, anatembea kwa bakora na mguu wa kushoto anauburura. Nilipomaliza kozi yangu ya kwanza ya uzamiaji, nikiwa na miaka ishirini na mbili, nilifungua kitabu kwenye ukurasa unaoeleza ugonjwa wa mgandamizo nikakuta umeandikwa mguu wa ami, kibofu cha ami na ganzi ya ami, kila kitu kwa mpangilio wake. Nilifunga kile kitabu nikatoka nje.

Hewa tunayovuta, karibu sehemu nne katika tano ni naitrojeni, gesi ambayo mwili hauitumii kwa lolote. Ukiwa kwenye kina, shinikizo huilazimisha kuyeyuka ndani ya damu na nyama. Kadiri unavyokwenda chini zaidi na kukaa zaidi, ndivyo inavyorundikana. Ukipanda polepole, inatoka kwa pumzi. Ukipanda haraka, au ukipanda na kushuka mara nyingi bila kupumzika, inatoka kwa povu kama soda iliyofunguliwa ghafla, na povu hilo likiwa kwenye uti wa mgongo mtu anakuwa kama ami. Ndiyo maana tunapanda kwa mwendo usiozidi mita tisa kwa dakika, na kabla ya kutoka tunasimama kwenye mita tano kwa dakika tatu. Wanafunzi huniuliza mbona dakika tatu za kuning'inia bure. Huwapa habari za ami, na hawaulizi tena.

Kuna jambo huwa nawasimulia kila kozi. Majedwali ya kwanza yenye msingi wa kisayansi ya kupandisha wazamiaji kwa vituo yalichapishwa mwaka 1908 na John Scott Haldane na wenzake, huko Uingereza, na kabla ya kuyatumia kwa watu walifanya majaribio kwa mbuzi. Mbuzi aliwekwa kwenye chemba ya shinikizo, kisha shinikizo likapunguzwa, na wao wakamtazama. Aliyepata povu kwenye viungo alinyanyua mguu wa mbele, hataki kuukanyagia. Basi. Mbuzi akiumwa mguu ananyanyua mguu, haangalii kama mwenye chemba atakasirika au wenzake watamwona dhaifu. Mimi nawaomba wanafunzi wangu wanyanyue mguu.

Wageni wengi hufika Nungwi wakiwa na woga, na woga unafundishika. Anayenipa kazi kubwa ni mtoto wa pwani. Kijana aliyekua akichokoa pweza, anayeteremka mita kumi kwa pumzi moja na kupanda anatabasamu, huyo bahari anaijua kuliko mimi, na kile anachokijua vizuri kuliko vyote ndicho kinachoweza kumuua: kubana pumzi.

Kwa hiyo siku ya kwanza baharini nateremka na chupa mbili tupu za maji ya kunywa. Shinikizo tunalipima kwa baa. Juu ya bahari tunabeba uzito wa hewa wa baa moja, na kila mita 10 za maji zinaongeza baa nyingine. Mita 10 ni baa mbili, mita 20 ni tatu, mita 30 ni nne. Chupa ya kwanza naifunga kizibo tukiwa botini. Tukifika mita 10 imebonyea, hewa iliyomo imekuwa nusu. Tukipanda inajirudia ilivyokuwa. Hiyo ndiyo mapafu ya mchokoaji pweza: alijaza juu, akashuka, akarudi, hakuna kilichopasuka. Chupa ya pili naijaza kule chini kwa hewa ya mtungi, naifunga kule kule, namkabidhi aishike. Tunaanza kupanda. Mita saba imekaza. Mita nne ngumu kama jiwe, na tukikaribia juu mara nyingi kizibo kinaachia kwa kishindo mkononi mwake. Hewa iliyojaa chupa moja kwenye mita 10 inataka chupa mbili ikifika juu. Pafu halina kizibo cha kuachia. Mzamiaji wa mtungi anayebana pumzi anaweza kupasuka pafu hata kwa kupanda mita moja na nusu, na mita za juu ndizo mbaya zaidi kwa sababu hapo ndipo hewa hutanuka kwa kasi. Kijana anaitazama ile chupa, kisha anajishika kifua. Hapo ndipo somo linapoanza kuingia. Mwaka mzima ningemwambia "usibane pumzi" kwa maneno, angeitikia sawa mwaka mzima.

Maneno yenyewe ni shida nyingine. Vitabu vyetu vya kozi ni vya Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano. Kijana wa Matemwe au Kendwa anayetaka kuwa muongozaji anakariri majibu kwa lugha ambayo haoti ndoto kwayo, anafaulu mtihani, anapewa kadi. Ukimuuliza kwa Kiswahili kwa nini masikio yanauma kwenye mita mbili, ananyamaza. Hata neno mzamiaji, bara wengi wakilisikia humfikiria kijana aliyejificha ndani ya meli kwenda ng'ambo. Kwa hiyo nafundisha mara mbili. Kwanza tunasoma kilichoandikwa, halafu tunafunga kitabu na kila mmoja ananieleza kwa Kiswahili chake, kama anamweleza mama yake. Asiyeweza kumweleza mama yake hajaelewa, na kesho hateremki.

Hesabu ya hewa nayo tunaifanya kwa Kiswahili, mchangani, kwa kijiti. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 una lita 2,400 za hewa. Mtu aliyetulia anatumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kwenye mita 20 kila pumzi inabeba hewa mara tatu, kwa hiyo ni lita 60 kwa dakika. Toa baa 50 za akiba, ambazo hatuzigusi, zinabaki lita 1,800, nazo ni dakika 30. Mwenye hofu anatumia mara mbili, basi ana dakika 15. Ndiyo sababu geji ya mwanafunzi, kipimo cha hewa iliyobaki mtunginì, naiuliza kabla ya yeye kukumbuka, na nataka namba. Anionyeshe kwa vidole 120 au 90. Namba haina adabu ya kusema nzuri.

Yaliyonipata mimi sasa.

Ilikuwa Ramadhani, mwaka wangu wa tano wa kufundisha. Nilikuwa na wanafunzi wanne wa kozi ya mwanzo, na asubuhi ile tulifanya zoezi la kupanda kwa dharura: mwanafunzi anapanda kutoka mita nane hivi kwa pumzi moja, akitoa sauti ya "aaa" ili hewa itoke mfululizo, na mwalimu anapanda naye bega kwa bega. Wanafunzi wanne ni kupanda mara nne. Wawili walikosea, tukarudia. Mwanafunzi anapanda mara moja au mbili, mwalimu anapanda mara sita. Mchana mwenzangu akaugua, na kituo nilichokuwa nafanyia kazi wakati ule kikaniomba niwapeleke wageni mita 28. Utaratibu wa pale ulikuwa siku usiyoingia majini hulipwi, na sikukuu ilikuwa wiki mbili mbele. Nilikuwa nimefunga tangu daku, sijanywa tone, na jua kali lile. Mwili uliokauka maji hutoa naitrojeni kwa taabu zaidi, nami nilikuwa nikiwafundisha watu hivyo kwa kinywa changu.

Saa kumi na moja bega la kulia likaanza kuuma, maumivu ya ndani kabisa, kama jino. Nikasema nimebeba mitungi vibaya. Baada ya kufuturu nikameza diklofenaki. Kwenye tarawehe mkono ulikataa kunihimili nikisujudu. Mke wangu akaniuliza, "Uko sawa?" Nikamjibu sawa.

Asubuhi nikaingia tena majini. Kwenye mita 12 maumivu yakaisha. Yaliondoka kana kwamba mtu ameyafuta kwa kitambaa, nami nikasimama pale juu ya matumbawe nikiwa najua kila kitu, kwa sababu hakuna msuli uliochanika unaopona kwa kushuka mita 12. Kinachonywea kwa shinikizo ni povu. Tulipopanda maumivu yakarudi, na vidole viwili vimekufa ganzi. Nikamwambia nahodha nataka oksijeni. Alikuwa mtu mzima, rika la baba yangu. Hakuniuliza swali. Alifungua sanduku la kijani, akanivalisha barakoa mwenyewe, akageuza boti.

Nikapelekwa kwenye chemba ya shinikizo. Ni bomba la chuma, unalala ndani, wanakushusha kwa hewa hadi shinikizo la mita 18 huku ukivuta oksijeni tupu kwa vipindi, kisha wanakupandisha kidogo kidogo. Ilichukua karibu saa tano. Daktari aliponipokea, swali lake la kwanza lilikuwa maumivu yalianza lini. Nikasema jana jioni. Akaandika, hakunilaumu, lakini aliinua macho akanitazama kwa muda. Nililala ndani ya lile bomba nikimuwaza ami kwenye ubao wa mashua. Mimi nilikuwa na kadi ya ualimu, kompyuta ya kuzamia mkononi, na kitabu kizima kichwani, na nilichosema ni neno lile lile alilosema yeye ambaye hakupewa chochote.

Bega lilipona. Mwezi mzima sikuzamia. Tangu hapo Ramadhani tunateremka mara moja tu, asubuhi mapema baada ya daku, maji machache, na muongozaji aliyefunga hafanyi zoezi la kupanda kwa dharura. Mwenye kuona anapoteza fedha aje tuzungumze; fedha ya zoezi naigawa sawa kwa aliyeingia na ambaye hakuingia. Hilo la malipo ndilo lililobadilisha mengi kuliko hotuba zangu zote. Kijana anayejua kwamba akisema "leo masikio yamenibana" atakula kama wenzake, atasema.

Kuna mambo sina maneno mengi juu yake kwa sababu ni ya kufanya tu. Kompresa isijazie karibu na jenereta, na mdomo wa kuvutia hewa uelekee unakotoka upepo. Upepo ukigeuka, zima. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu, na hung'ang'ania damu mara zaidi ya mia mbili kuliko oksijeni. Mzamiaji anaweza asihisi kitu akiwa chini, akaanguka wakati wa kupanda. Kila mtungi nanusa na kuonja hewa yake kabla haujapakiwa. Ukinukia mafuta unarudi, hata kama wageni wameshakaa botini. Na kila mgeni nauliza tarehe ya ndege yake siku anayojiandikisha, kabla sijampa fomu: baada ya siku kadhaa za kuzamia, saa 18 kwa uchache kabla ya kupanda ndege. Wapo wanaotaka kuzamia Mnemba asubuhi na kuruka jioni. Hao nawapeleka kuogelea na snokeli.

Mwanafunzi ambaye sitamsahau alitoka Jambiani. Mama yake analima mwani, na yeye mwenyewe aliulima tangu mdogo, kufunga mbegu kwenye kamba maji yakipwa, kukimbia nayo maji yakijaa. Miaka yote hiyo ndani ya bahari hadi kiunoni, na hakujua kuogelea. Hilo si la ajabu kwetu. Alifika kwangu na shangazi yake, amevaa baibui, akasema anataka kuwa muongozaji wa wazamiaji. Shangazi mtu akaniambia, "Maalim, huyu mwanangu nakukabidhi. Bahari hatuiogopi, ila hatujawahi kuweka kichwa ndani." Nikaipenda ile ila.

Kabla ya mtungi lazima mtu aogelee mita 200 na kuelea dakika kumi bila msaada. Ilimchukua miezi minne. Tulifanyia kwenye ghuba maji yakiwa maji mafu, pamoja na mwalimu mwanamke wa kuogelea, na yeye akiwa na vazi lake la kumsitiri mwili mzima. Siku aliyoelea dakika kumi alilala chali, macho juu, na nilipomwambia muda umekwisha akakaa dakika tano zaidi.

Halafu likaja zoezi la kuvua miwani chini ya maji. Unaivua, unakaa bila kuona, maji puani, unaivaa, unatoa maji kwa kupuliza kwa pua. Wengi huliogopa kuliko lolote. Tulikuwa mita nne. Nikamwuliza kwa duara, uko sawa? Nilimwona akianza kukutanisha vidole, kwa mazoea, kwa heshima, mwalimu ameuliza. Akasita. Akaufungua mkono, akaupeperusha kiganja kushoto na kulia: kuna tatizo. Halafu akaonyesha dole, la kweli. Tukapanda.

Juu akaniambia, "Maalim, samahani. Nilitaka kusema sawa. Ila moyo unanipiga sana." Alikuwa na haya, anatazama maji. Nilimwambia hiyo ndiyo mbizi bora niliyoiona mwezi huo, nami nilimaanisha. Tulirudi ufukweni, tukanywa chai ya tangawizi, na zoezi akalifanya siku tatu baadaye kwenye maji ya magoti, kisha ya kifua, kisha mita nne. Waliokuwa naye kwenye kozi walishalimaliza zamani. Wawili kati yao baadaye nilikuja kugundua walilifanya macho wamefumba na pumzi wameibana, wakaonyesha sawa, nami nikawapasisha. Ilinibidi niwaite tena.

Waswahili tunasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwa mambo mengine ya dunia ni msemo mzuri. Kwenye boti yangu tunayaacha maji hata tukiwa tumevaa mapezi.

Mwaka jana tulikuwa na safari ya Leven Bank, kaskazini ya Nungwi kwenye mkondo wa kati ya Unguja na Pemba. Mlima wa matumbawe unapanda kutoka kina kikubwa, kileleni ni mita kumi na kitu, na mkondo wake hauna subira. Wageni sita, wazoefu wote, wamelipa, wameisubiri wiki nzima. Naye binti wa Jambiani, sasa muongozaji mwenzangu wa mwaka wa tatu. Tulikuwa siku tatu baada ya bamvua, maji bado yana nguvu. Nilimwuliza nahodha, akatazama maji muda mrefu, akasema saa mbili na nusu yatalegea, kwa nusu saa, si zaidi. Nahodha akisema hivyo mimi naitikia, kwa sababu bahari ile anaijua tangu alipokuwa akivuka na baba yake kwa dau.

Tukiwa tunasubiri, binti akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Maalim, yule mgeni wa mbele. Anasema yuko sawa. Ila asubuhi nimemwona akimeza vidonge vya mafua." Dawa ile hufungua masikio kwa muda, halafu nguvu yake huisha mtu akiwa chini, na hewa iliyonaswa haina pa kutokea akipanda. Nikaenda kumwuliza. Mgeni akakasirika, akasema amezamia nchi nyingi kuliko umri wa huyo msichana. Nikamwambia atabaki na nahodha, na fedha yake atarudishiwa. Alivua mapezi bila kunitazama.

Saa mbili na ishirini na tano mkondo ukaanza kulegea, povu la juu likakaa. Tukakaguana wawili wawili. Binti akapitisha vidole kwenye mikanda yangu, akabonyeza jaketi, akagusa risasi za uzito mkandani, kisha akashika geji yangu mkononi mwake.

"Vuta hewa mara tatu, maalim."

Nikavuta. Nilikuwa nimeufunga na kuufungua mtungi ule mwenyewe, kama ninavyofanya kila siku kwa miaka kumi na minne, na akili yangu ilikuwa kwenye saa.

"Samahani," akasema. "Ila mshale unacheza."

Kwa kila pumzi ulishuka na kupanda. Valvu ilikuwa imefunguliwa kidogo tu, hewa ya kutosha juu ya boti, isiyotosha mita 25. Akapeleka mkono nyuma ya kichwa changu, akaizungusha hadi mwisho, akanirudishia geji.

"Tena mara tatu."

Mshale ukatulia kwenye 200. Nikamwonyesha duara, naye akalitazama, akanitazama usoni, kisha akarudisha lake. Tukaketi ukingoni, tukashika miwani, tukajiangusha kinyumenyume.